"Huyu mtoto amenishinda": mahakama ya watoto inamsaidiaje mzazi?

Ukikaa asubuhi moja kwenye benchi la nje ya ofisi ya afisa wa watoto, iwe Mombasa, Kilifi au Kwale, neno utakalolisikia kuliko yote ni "amenishinda". Halisemwi kwa hasira. Hasira iliishia nyumbani, pamoja na mwiko na kandambili. Linasemwa kwa sauti ya mtu aliyechoka, na mara nyingi linafuatwa na ombi: "Nisaidieni mumpeleke approved akanyooke," yaani shule ya urekebishaji ya watoto.

Tumwite mama huyo Mama Saumu. Hakuna mtu mmoja wa jina hilo. Nimemuunga kutoka kwa wengi ili sheria nitakayoieleza ipate mahali pa kukaa. Anaishi Kisauni, jioni anauza viazi karai mbele ya nyumba, na mwanawe wa kiume, miaka 13, yuko gredi ya 8. Kila asubuhi kijana anatoka na sare na begi. Kila jioni anarudi, anakula, analala. Muhula wa pili uko katikati ndipo mwalimu wa darasa anapopiga simu: mbona mwanao tumeshaanza kumsahau sura?

Mama Saumu anasema alipaswa kujua mapema. Viatu vilimwambia. Uwanja wa shule ni udongo mwekundu mtupu, lakini soli za viatu vya kijana zilikuwa zikimwaga mchanga mweupe sakafuni. Alidhani ni michezo. Alipofungua begi siku ile ya simu, daftari la hisabati lilikuwa na tarehe ya mwisho ya 21 Februari. Na simu ilikuja mwezi wa sita.

Basi akamshika mkono hadi kwa afisa wa watoto, akiamini anakwenda kumshtaki mwanawe. Hapo ndipo fundo lilipo, na ndilo nitakalojaribu kulifungua: kwa sheria ya Kenya, mzazi hawezi kumshtaki mtoto kwa utoro, kwa sababu utoro si kosa la mtoto. Anachoweza kufanya ni kuomba msaada. Na akishaomba, maswali mengi yatamwelekea yeye.

Mahakama za watoto nchini zinasikiliza mambo ya aina mbalimbali, na watu wengi huyachanganya. Kuna kesi za wazazi wanaogombania malezi na pesa za matumizi. Hizo ndizo nyingi tunazozisikia mitaani. Kuna kesi za mtoto anayedaiwa kuvunja sheria, mathalani ameiba simu au amemkata mwenzake kwa panga. Kisha kuna kundi la tatu, ambalo makarani wa mahakama wamezoea kuliita P&C ("protection and care"), yaani ulinzi na matunzo. Humu hakuna mshtakiwa. Kuna mtoto ambaye serikali inaambiwa: huyu yuko hatarini, ingilieni kati.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kufanya kazi tarehe 26 Julai mwaka huo na kuiondoa ile ya 2001. Zote mbili zina orodha ndefu ya watoto wanaohesabiwa kuwa wanahitaji ulinzi na matunzo. Humo yumo mtoto aliyetupwa, anayeombaomba, anayepigwa, anayelazimishwa kuolewa, anayekabiliwa na ukeketaji, ambaye mzazi wake yuko gerezani. Lakini orodha hiyo hiyo imewataja wawili ambao ndio waliojaa kwenye lile benchi: mtoto mtoro au anayejiingiza katika ushirika mbaya, na mtoto ambaye wazazi wake wanaona ugumu kumlea.

Soma tena huyo wa mwisho. Sheria haikusema mzazi mlevi wala mzazi mkatili. Hao wana mistari yao. Imesema mzazi anayeona ugumu. Yaani bunge lilikubali kwamba mtu anaweza kuwa mzima, mwenye kupenda, mwenye kujituma, na bado malezi yakamlemea, na kwamba kulemewa huko kunatosha kumpa mtoto haki ya kusaidiwa. Mimi nadhani hiki ndicho kifungu chenye huruma kuliko vyote katika sheria ile, na ndicho kisichojulikana. Mzazi anaingia ofisini ameinamisha kichwa kama mwizi, ilhali neno lake "amenishinda" limo sheriani karibu kama lilivyo.

Kutokujua jambo hili ndiko kunakowapeleka wengi kituo cha polisi. Jambo hili nimeliona mtaani kwetu zaidi ya mara moja. Baba anamchukua kijana usiku, anaongea na askari anayemfahamu, kijana anawekwa korokoroni "alale siku moja tu, apate adabu". Kesho yake baba anakwenda na mandazi kumtoa. Wote wanacheka kidogo, kijana hacheki. Sasa tuangalie kilichotendeka. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto asizuiliwe ila pale njia nyingine zote zimeshindikana, kwa muda mfupi kabisa unaofaa, na atengwe na watu wazima. Hakuna kosa la jinai linaloitwa kumkaidi baba. Kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kumfungia, na mtu aliyevunja sheria usiku ule hakuwa kijana. Zaidi ya hapo, amelala na kina nani? Watoto wengi waliojifunza bangi wapi inauzwa na nani anaiuza walipata somo hilo kwenye sakafu ya seli, kutoka kwa wakubwa zao.

Njia yenyewe huanza shuleni, au inapaswa kuanzia huko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mwalimu mkuu achunguze kwa nini mwanafunzi hafiki darasani. Akiona hakuna sababu ya maana, anampa mzazi notisi ya maandishi na kupeleka ripoti kwa bodi ya elimu ya kaunti. Mzazi asiyempeleka mtoto shule bila sababu anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Umeona mzigo umewekwa begani mwa nani? Mtoto hatajwi kwa adhabu yoyote. Mara nyingi ni chifu anayekumbushia kifungu hicho, hasa kila Januari serikali inaposisitiza kila mtoto aliyemaliza ngazi moja avuke kwenda inayofuata.

Faini hiyo ni ya mzazi anayemzuia mtoto au asiyejali. Mama Saumu anajali. Karatasi ya notisi, kwake, si tishio, ni ushahidi. Ndiyo maana nasema mzazi akipewa barua na shule asiifiche. Aiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ripoti za muhula, kadi ya kliniki ikiwapo, na jina la mwalimu wa darasa. Afisa wa watoto ataanzia hapo.

Afisa huyu ndiye mtu muhimu kuliko hakimu katika safari yote, na sitaona haya kulirudia. Yuko chini ya Idara ya Huduma za Watoto ya serikali kuu, na kila kaunti ndogo inatakiwa kuwa naye. Huduma yake haina malipo. Ukiombwa "kitu kidogo cha faili", kataa. Kazi yake ya kwanza si kukupeleka mahakamani. Ni kujaribu msifike huko. Atamsikiliza mzazi, atamsikiliza mtoto peke yake, na hapo wazazi wengi hukasirika: kwa nini nitolewe nje? Unatolewa nje kwa sababu mtoto hatasema mbele yako kwamba anamwogopa mjomba anayelala chumba kimoja naye, au kwamba kuna mtu anayempa lifti ya tuktuk na kumgusagusa.

Baada ya hapo anakwenda nyumbani. Anatazama mtoto analala wapi na anakula nini, kisha anakwenda shuleni. Kijana wa Mama Saumu, afisa alipoongea naye mara ya tatu, si ya kwanza, alisema jambo ambalo mama hakulijua. Mwezi wa pili alirudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana. Hakumwambia mama kwa kuwa wiki ile mama alikuwa amelala njaa ili wao wale. Akaenda soko la Kongowea kusukuma mkokoteni apate pesa hizo. Alizipata kwa siku mbili. Siku ya tatu alipata zaidi. Ya nne akaona aibu kurudi darasani bila kazi za nyumbani, na mwalimu mmoja ana mdomo. Jioni wenzake wa sokoni walikuwa wanakwenda ufukweni, huko muguka, aina ya miraa, unatafunwa na wakubwa wanagawa. Ule mchanga mweupe ulitoka huko.

Elimu ya msingi ni bure tangu Januari 2003, tunaambiwa, na kweli karo iliondolewa. Lakini mtoto harudishwi nyumbani kwa karo tena. Anarudishwa kwa vitu vyenye majina mengine. Mwenye kuandika ripoti ya utoro bila kuuliza pesa za chakula, za mtihani na za sare ameandika nusu.

Sababu nyingine ninazozijua ni za aina hiyo, ndogo mwanzoni. Msichana anayekosa siku nne kila mwezi kwa kukosa pedi, kisha anakosa zaidi. Msichana aliyepata mimba baada ya disko matanga, dansi ya usiku kwenye msiba, na akadhani shule imemfungia mlango, ilhali sera ya kumrudisha mama mdogo shuleni ipo tangu 1994. Mtoto asiyeona ubao vizuri. Mtoto anayeitwa mjinga tangu gredi ya pili kumbe herufi zinamchezea machoni. Huyu anahitaji kituo cha tathmini ya elimu, hakimu atamfanyia nini? Afisa mzuri atawachuja hawa kabla ya kufungua faili la mahakama. Afisa mwenye kaunti ndogo nzima mikononi, gari bovu na mafaili hadi dirishani atawachuja wachache. Huo ndio ukweli wa kazi yao na si vizuri kuuficha, kwa sababu mzazi asiporudi kufuatilia, faili hulala.

Ikishindikana, afisa anampeleka mtoto mbele ya Mahakama ya Watoto. Mombasa ni Tononoka. Nairobi ni Milimani. Kwingineko ni mahakama ya hakimu iliyo karibu, akikaa hakimu aliyetangazwa rasmi kusikiliza mambo ya watoto. Usitarajie kizimba na watu waliojaa kwenye viti. Mahakama hii inatakiwa kukaa chumba tofauti au wakati tofauti na ile ya watu wazima, watu wasiohusika hawaingii, na jina, picha wala shule ya mtoto havichapishwi. Mtoto haulizwi "unakubali kosa?" Hana kosa. Kinachosomwa ni ripoti ya afisa: hali ya nyumba, shule, afya, na anapendekeza nini. Mtoto naye anasikilizwa, kulingana na umri na ufahamu wake. Kigezo cha hakimu kimeandikwa kwenye Katiba: maslahi bora ya mtoto ndiyo ya kwanza. Si maslahi ya mama kupumzika, wala ya mwalimu mkuu kupunguza kero.

Hapa niseme jambo kuhusu amri, maana ndipo mahakama inapomsaidia mzazi kwa vitendo.

Amri inayofanya kazi kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile inayomrudisha mtoto nyumbani kwake kwa masharti. Mzazi anaweka saini hati ya ahadi kwamba atamtunza na kumwangalia ipasavyo. Mtoto anawekwa chini ya uangalizi wa afisa wa watoto, anayekuja mara kwa mara kuona mambo yanakwendaje. Na mtoto pamoja na mzazi wanaagizwa wahudhurie ushauri nasaha. Kuna pia amri ya kuisaidia familia, ambayo inamweka mtu maalumu wa kuwapa ushauri na mwongozo mtoto na wazazi wake. Nguvu ya amri hizi ni kwamba zina muhuri. Mama aliyekuwa akimwambia baba wa mtoto "njoo tuzungumze na mwanao" kwa miaka mitatu bila jibu, sasa anaona baba anakuja kwa sababu ameitwa na mahakama. Shule iliyokuwa inasema "hatumtaki tena" inaandikiwa barua na afisa. Mtoto mwenyewe anagundua kwamba kuna watu wazima watatu wanaojua yuko wapi saa nne asubuhi.

Pili, mtoto anaweza kukabidhiwa kwa mtu anayefaa: bibi yake Kwale, shangazi, ndugu mwenye nyumba tulivu. Hili Waswahili tulikuwa tukilifanya bila hakimu siku zote. Tofauti ni kwamba mahakama inauliza kama bibi mwenyewe anataka na anaweza, na kama mtoto atapata shule huko. Wengi hatukuwa tukiuliza.

Mwisho kabisa ndipo kuna taasisi. Nyumba za watoto, vituo vya uokoaji, na zile shule za urekebishaji ambazo sheria ya 2001 ilizibadilisha jina kutoka "approved" lakini midomo yetu imekataa. Mfumo huu ni wa mkoloni. Kabete ilianza kama gereza la vijana mwanzoni mwa karne iliyopita. Wamumu ilianzishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wavulana waliokamatwa wakati wa Mau Mau. Leo wavulana wana Kabete, Wamumu, Othaya, Kakamega, Likoni na nyinginezo, wasichana wana Kirigiti na Dagoretti. Huko kuna masomo na ufundi, na nimewafahamu mafundi seremala wazuri waliotoka huko. Lakini kwa miaka mingi watoto waliopelekwa kwa ajili ya ulinzi wamechanganywa na waliopatikana na makosa, na mtoro wa gredi ya 8 akijifunza kutoka kwa mwenziwe aliyevunja duka, hajanyooka. Isitoshe mzazi hachagui. Hakuna fomu ya mzazi ya kuomba nafasi approved kama anavyoomba bweni. Ni hakimu, baada ya ripoti, na baada ya njia nyingine kujaribiwa.

Mama Saumu aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo hamtamchapa hata kidogo?"

Wengi tumelelewa na methali ile, mchelea mwana kulia hulia yeye. Sitaibishia hapa, wala sidhani aliyeitunga alikuwa na fimbo peke yake akilini. Ila Katiba ya 2010, Kifungu cha 29, imekataza mtu yeyote kupewa adhabu ya viboko, na mtoto ni mtu. Shuleni viboko vilipigwa marufuku mapema zaidi, 2001. Mahakama haitamchapa kwa niaba yako, na ukimpiga ukamuumiza, faili litakalofunguliwa halitakuwa la utoro. Mahakama pia haitamwamsha saa kumi na moja, haitamchagulia marafiki, wala haitalipa pesa za chakula. Ingawa hili la mwisho, afisa anaweza kuandika kwa mwalimu mkuu, na mara nyingi barua moja yenye nembo ya serikali hufanya kile ambacho mama alikiomba mlangoni kwa wiki tatu.

Mambo hubadilika mtoto akishavuka mstari. Kisauni, Likoni na Mji wa Kale tunayajua magenge ya vijana wenye mapanga, na tunajua wanavyoanza: mdogo anatumwa kuangalia kama askari wanakuja, kisha anatumwa kubeba, kisha anatumwa kukata. Mtoto aliyekamatwa kwa kosa anaingia mlango mwingine, wa jinai. Hata huko, sheria ya 2022 imebadilisha mengi. Umri wa kuwajibika kwa jinai umepandishwa kutoka miaka 8 hadi 12, na aliye chini ya miaka 14 anachukuliwa kuwa hana uwezo wa kupambanua jema na baya mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa makosa madogo kuna njia ya kulimaliza jambo nje ya mashtaka: mtoto akikubali alichofanya, wanakaa familia, aliyetendewa na afisa, anaomba radhi, analipa au anafanya kazi ya kufidia, anawekewa masharti. Akikamatwa, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama mtu mwingine yeyote, na mzazi aarifiwe. Mzazi akifika kituoni aulize kwa upole lakini asiondoke bila jibu: mwanangu yuko chini ya kosa, au chini ya ulinzi? Kwenye kitabu cha matukio kumeandikwa nini? Jibu la swali hilo linaamua mlango.

Swali ninaloulizwa sana na Waislamu wenzangu ni hili: si twende kwa kadhi? Kwa ushauri, nenda. Makadhi wetu wengi wana hekima na vijana huwaheshimu. Ila mamlaka ya Mahakama ya Kadhi kwa Katiba ni hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kusikilizwa huko. Amri ya kumweka mtoto chini ya uangalizi wa afisa haitoki kwa kadhi.

Swali la pili linatoka kwa mabibi. Mama yuko Saudia au Doha, anatuma pesa, mtoto ameachiwa bibi wa miaka 68 asiyeweza kumkimbiza mtu. "Mimi si mzazi, nitasikilizwa?" Atasikilizwa. Yeyote mwenye sababu ya kuamini kwamba mtoto anahitaji ulinzi anaweza kuripoti: bibi, jirani, mwalimu, imamu. Hata mtoto mwenyewe. Nambari ya simu ya kuwasaidia watoto, 116, haina malipo na inajibiwa mchana na usiku. Ningemshauri bibi huyo apate barua fupi kutoka kwa binti yake, hata kwa picha ya WhatsApp, inayosema mtoto yuko mikononi mwake. Si sharti la kusikilizwa, inaokoa maswali.

Walioko Tanzania Bara watakuta majina tofauti: Sheria ya Mtoto ya 2009, na mlango wa kubisha ni wa afisa ustawi wa jamii, si afisa wa watoto. Mahakama ya watoto ipo, na yeye ndiye anayeomba amri ya matunzo au ya uangalizi kwa niaba ya mtoto. Utoro wa rejareja, kama wanavyouita huko kwa jina linaloumiza mbavu, huanzia kwa mwalimu na mtendaji wa kata.

Ndugu zetu walioko Marekani nao wawe macho, maana huko barua ya shule si ya kuweka juu ya friji. Mahakama ya watoto kama tunavyoijua ilizaliwa huko, Chicago, mwaka 1899, na kwa muda mrefu mtoto mtoro aliweza kufikishwa kwa hakimu kwa utoro wenyewe. Majimbo yamekuwa yakilegeza: Texas iliacha kuuhesabu utoro kuwa kosa la jinai mwaka 2015. Lakini kwingine mzigo ulihamia kwa mzazi. California, kuanzia 2011 na kwa miaka mingi baadaye, mzazi wa mtoto mdogo aliyekosa shule kupita kiasi aliweza kushtakiwa. Ukipokea barua ya kwanza ya kuhesabu siku alizokosa, nenda shuleni wiki hiyo hiyo na mkalimani ukimhitaji.

Kesi ya kijana wa Mama Saumu haikufika kwa hakimu. Afisa aliandika makubaliano kati ya mama, mwalimu mkuu na kijana mwenyewe: pesa za chakula zilipwe kidogo kidogo, kijana akae dawati la mbele, baba yake aliyeko Malindi apige simu kila Jumapili, na wote warudi ofisini baada ya wiki sita na daftari. Ikivunjika, faili lingekwenda Tononoka.

Walirudi. Kijana akatoa daftari la hisabati, afisa akalifungua nyuma kwenda mbele. Kulikuwa na tarehe ya juzi, na ya siku iliyotangulia, na nyingi kabla ya hizo. Ya jana haikuwepo. Afisa akaweka kidole pale penye ukurasa mtupu, akamtazama kijana, akamwambia mama atoke nje kidogo.